Gia Inalia, Sawa. Inalia Saa Ngapi?

Tumetoka Ngaramtoni na mzigo wa viazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa saba, na anayeijua Arusha ya mwezi wa saba hahitaji nimuelezee ile baridi. Kwenye kushuka Sakina baba mdogo akataka arudi namba mbili ili injini imsaidie kulishikilia gari, akakanyaga klachi, akavuta gia, na gia boksi ikapiga yowe mpaka machalii wa bodaboda pale kijiweni wakageuka wote. Akajaribu tena. Yowe lile lile. Akairudisha tatu, tukashuka kwa breki na sala.

"Imekwisha hii," akasema.

Mimi nikanyamaza. Lakini ile sauti iligoma kunitoka kichwani wiki kadhaa, na sio kwa sababu ilikuwa kubwa. Kuna kitu kilikuwa hakikai sawa na sikuweza kusema ni nini.

Wote walisema shusha

Fundi wa kwanza, wa huku mtaa wa Unga Limited, Arusha, alipanda, akawasha, akazunguka uwanjani mara moja, akasikia tatu ikirudi mbili kwa kelele, akashuka anajifuta mikono. Ringi za sinkronaiza zimekwisha mzee, tushushe gia boksi. Hizo ni zile ringi za shaba zinazolinganisha mwendo kabla meno ya gia hayajakutana. Wa pili tulimfuata Moshi, jamaa anaheshimika kwa magari makubwa, huyo wala hakuliendesha, alisikiliza simulizi tu akasema hivyo hivyo, akaongeza kwamba ni nafuu kutafuta gia boksi nyingine iliyotumika kuliko kuifungua hii, maana spea za hizi gari ni za kuokoteza.

Hapo kwenye kuokoteza hakukosea sana. Gari lenyewe ni Bedford la jeshi la Uingereza, zile za M, fo wili, gia nne za mbele na transfa, ile boksi ya pili inayogawa nguvu kwa matairi ya mbele na ya nyuma, ya hatua mbili. Zilianza kutoka Dunstable mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1987 General Motors wakakiuza kile kiwanda cha malori, kwa hiyo hamna ejenti wa kumpigia simu. Jeshi likishazichoka, kampuni za kuvusha watalii Afrika nzima zilikuwa zinazipenda sana, na hili letu lilikuja kwa njia hiyo, likachakaa, likauzwa hapa hapa mjini, likang'olewa viti likawekwa bodi la mzigo. Saivi linapeleka viazi na maharage Moshi, linarudi na ndizi soko la Kilombero hapa Arusha. Ndiyo maisha yake.

Sasa mimi sio fundi, nauza spea. Nakaa upande wa pili wa kaunta, na ukikaa pale miaka unaona jambo moja ambalo fundi mwenyewe labda halioni: hakuna anayemlipa fundi kwa kufikiri. Analipwa kwa kushusha na kupandisha. Akikaa na gari lako siku nzima anachunguza halafu akakwambia hamna cha kufungua, badili oili tu, utampa hela ya soda na utaona umemfanyia hisani. Akishusha gia boksi, hata kama haikuwa na kosa, jasho lake umeliona kwa macho na unatoa hela bila maneno. Siwalaumu. Ndivyo tulivyowazoesha wenyewe.

Ila gia boksi ya lori la jeshi ukishaishusha hujui itapanda lini.

Dogo akauliza

Tumesimama Boma Ng'ombe tunakula mahindi ya kuchoma, baba mdogo kaenda kuongea na jamaa yake, dogo utingo akaniambia, "Kaka, mbona tukifika huku gia zinakuwa laini?"

Nikamwambia aache utani.

"Kweli. We mwangalie mzee tukifika Kikafu."

Basi tukaondoka, tukapita Kwa Sadala, tukateremka mpaka darajani Kikafu, na kwenye kupanda ng'ambo gari likaanza kuzidiwa na mzigo, baba mdogo akarudisha tatu kwenda mbili. Ikaingia. Bila kelele, bila yeye kukunja uso, na wala hakugundua kama kuna mtu anamwangalia mkono. Dogo akanitazama akacheka.

Ringi iliyokwisha haiponi Boma Ng'ombe.

Hicho ndicho kilichokuwa hakikai sawa. Shaba ikishalika imelika, haioti upya kwa sababu umeshuka bondeni. Arusha iko kama mita 1,400 juu, Moshi mita 800 na kitu, barabara ni kama kilomita 80 na lori limebeba, kwa hiyo mpaka unafika Kikafu gia boksi imeshazunguka zaidi ya saa moja, oili imepata moto na jua nalo limewaka. Na hebu fikiria, gereji zinapokea magari saa ngapi? Asubuhi. Gari linalala nje baridini, linaamshwa, linapelekwa kwa fundi likiwa bado limeganda, anazunguka nalo uwanjani dakika mbili. Fundi wa Unga Limited hakudanganya, alisikia alichosikia. Yule wa Moshi ndiye angeujua ukweli kama angepanda juu na kuliendesha mchana ule.

Kuanzia hapo nikaanza kuandika kwenye daftari la dukani, kule nyuma kwenye kurasa za madeni: gia gani, inapanda au inarudi, injini ya moto au ya baridi, gari limesimama au linatembea. Baba mdogo aliniona nimepata kichaa.

Kupanda sawa, kurudi ndiyo vita

Daftari likaonyesha kitu ambacho sisi wote tulikuwa tunakisikia bila kukisikia. Asubuhi, mbili kwenda tatu inaingia, nzito lakini inaingia. Tatu kwenda mbili, yowe.

Ukipandisha gia, mashine za ndani zinatakiwa zipunguze mwendo ndiyo meno yakutane yakiwa sawa, na oili nzito inasaidia, inazikaba yenyewe. Ukirudisha gia zinatakiwa ziongeze mwendo, na wa kuzivuta ni ile ringi ya shaba inayobana kwenye koni, hamna mwingine. Sasa oili nzito iliyopoa inazikaba zisikimbie, halafu hiyo hiyo imejazana kati ya ringi na koni haitaki kutoka, ringi inateleza badala ya kushika, na wewe huku juu unalazimisha. Meno yanagongana. Kwa hiyo gari linalopandisha vizuri na kugoma kurudisha, tena wakati wa baridi peke yake, kabla hujasema neno ringi uliza neno oili.

Kuna jaribio la wazee hapo. Nikamwomba baba mdogo asubuhi moja apige dabo klachi: kanyaga, toa gia iwe huru, achia klachi, piga resi kidogo, kanyaga tena, ingiza. Madereva wa zamani walikuwa wanaendesha hivyo siku zote, na hata leo namba moja ya malori mengi ya zamani haina sinkronaiza, ukiitaka gari likiwa linatembea ndiyo njia yake. Vijana waliozoea Fuso hawana habari nayo. Akafanya, mbili ikaingia kimya kabisa, kwenye baridi ile ile.

Maana yake meno yapo, foku ya kusogeza gia ipo, liva iko sawa, klachi inaachia. Kilichokosekana ni kulinganisha mwendo tu.

Hapo nilitaka kwenda kwa yule fundi kumwambia. Sikwenda, nikakumbuka sijafungua hata nati moja.

Tukamwaga

Oili ya gia imwage ikiwa ya moto, tumerudi kutoka Moshi tukamwaga jioni ile ile. Ilitoka nzito bado, nyeusi, na harufu ile kali ya salfa ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Nikapaka kidogo kwenye gazeti nikaisogeza juani. Ilikuwa na vumbi la dhahabu, jembamba, la kung'aa ukiinamisha gazeti. Hiyo ni shaba, ringi zinalika kidogo kidogo, na kwa umri wa gari lile ningeshangaa nisipoliona. Nikapitisha sumaku. Tope laini la chuma, hamna kipande, hamna jino. Vipande vingenitisha.

Baba mdogo akakumbuka ndiyo, kuna gereji iliwahi kumbadilishia oili, wakamwambia wamemwekea 140, nzito, inatunza gia.

Hapa niseme kama muuza duka maana naulizwa kila siku. Namba za oili ya gia na namba za oili ya injini ni mizani mbili tofauti, 90 ya gia uzito wake unakaribiana na 40 au 50 ya injini, sio mara mbili yake. Kwa hiyo anayeogopa 90 akidhani ni uji haijui, na anayeweka 140 akidhani ameongeza kidogo tu hajui alichofanya. Na mbali na uzito kuna yale maandishi madogo ya GL, yanayosema oili ni ya kazi gani. GL-5 ni ya difu, ina dawa kali ya kuhimili meno yanayosuguana kwa nguvu, na dawa hiyo kwenye gia boksi ya zamani yenye ringi za shaba inaweza kuzila taratibu, halafu ina utelezi ambao ringi haiutaki, maana ringi kazi yake ni kushika. GL-4 ndiyo ya gia boksi za namna hii. Kuna za zamani zaidi ambazo kitabu chake kinataka oili ya injini kabisa, kwa hiyo tafuta kitabu cha gari lako, usifuate langu. Kopo la 140 tulilonalo dukani limeandikwa GL-5 na wateja wanalichukulia gia boksi, ukiwaambia wanasema fundi ndiye kasema.

Tukaweka 80W-90 ya GL-4. Kesho yake asubuhi, Sakina, tatu kwenda mbili, ikaingia. Sio laini kama gari dogo, inataka usubiri kidogo mkono ukiwa umeegemea, lakini inaingia.

Baba mdogo akasema alijua tangu mwanzo.

Sasa likagoma mchana

Ningependa kuishia hapo. Haikuisha.

Siku moja tupo Mbuyuni, Moshi, jua la saa nane, tunataka kurudi nyuma tushushe mzigo, rivasi ikakataa katakata. Gari limesimama, klachi imekanyagwa mpaka chini, rivasi inalia, moja inalia. Watu wa mikokoteni wanapiga kelele, dogo yuko nyuma anapunga mkono njoo njoo, gari haliendi. Baba mdogo akaniangalia kwa jicho ambalo sitalieleza.

Na hapo mashaka yakanirudia yote. Labda mafundi walikuwa sahihi na oili imetupa wiki chache tu za uongo.

Nikamwambia baba mdogo azime injini. Akazima. Nikamwambia aingize rivasi. Ikaingia laini. Moja, laini. Rivasi tena, laini.

Injini ikizimwa gia zinaingia zote, ikiwashwa zinagoma gari likiwa limesimama: hapo injini bado inaizungusha gia boksi wakati umekanyaga, klachi haiachii. Gia boksi inalia tu, kosa liko mbele yake. Swali likabaki moja, klachi haiachii kwa sababu ya mafuta, maana klachi hii inasukumwa na mafuta ya breki, au ya chuma. Akawasha, akapampu pedeli haraka haraka kama mara tatu, akajaribu. Ikaingia! Pedeli ikijibu kwa kupampu, tafuta upepo, masta silinda ya pale kwenye pedeli, silinda ya chini inayosukuma klachi, au hozi inayoziunganisha. Kama ingepampiwa ikabaki vile vile ningeanza kuwaza sahani iliyopinda, au imekwama kwenye shafti, au ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, imejam inaburuza shafti, na hizo zote kweli zingetaka kushusha.

Tukaingia chini na rula ya shule ya dogo. Baba mdogo juu anakanyaga, mimi napima fimbo ya silinda ya chini inasogea kiasi gani. Kanyago la kwanza ikasogea kidogo, la tatu ikasogea karibu mara moja na nusu ya lile la kwanza. Halafu nikashika ile hozi ya mpira kiganjani nikasema kanyaga. Nikaisikia inavimba mkononi. Kila akikanyaga inavimba, akiachia inanywea. Nguvu ya mguu wa mzee ilikuwa inaishia kuitanua hozi.

Na mafuta kwenye kikopo chake yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, kadiri yanavyokaa ndivyo yanavyochemka mapema, na paipu ya moshi inapita jirani. Asubuhi yamepoa, pedeli nzuri, fundi akijaribu klachi anasema klachi haina shida. Mchana yanatengeneza vipovu, kipovu kinabonyea, mpira nao umelainika, safari ya pedeli inaliwa hewani. Tena mtu akiwahi kuongeza oili ya kawaida humo sili zote zinavimba, nimeziona nyingi kaunta, mteja analeta sili kubwa kuliko silinda iliyotoka anasema nimeuziwa saizi mbaya.

Hozi mpya tulitengenezesha kwa watu wa hozi, sili za masta na za chini tukapata kwa kupima kipenyo wala sio kwa jina la gari, mafuta mapya, tukatoa upepo. Rivasi ikarudi.

Gari moja, ugonjwa wa baridi na ugonjwa wa joto, sauti ile ile.

Kelele nyingine

Hii ndiyo iliyonikosesha usingizi, na nilifikiria nisiiandike.

Tangu tuweke oili nyepesi kuna mlio mpya. Gari limesimama, gia huru, mguu hauko kwenye klachi, unasikia kitu kinaimba chini, mwembamba, wa kuendelea. Ukikanyaga klachi unapotea. Ungekuja wakati wa kukanyaga ningesema ni rilizi beringi, ile inayoachisha klachi, lakini huu unakuja ukiachia, na unaopotea ukikanyaga unatoka ndani ya gia boksi, mara nyingi beringi ya shafti ya kuingilia.

Basi nikaelewa ile 140 iliwekwa kwa nini. Haikuwa kutunza gia. Kuna mtu aliusikia huu mlio siku nyingi akauzika kwa oili nzito, mzee akaondoka anafurahi gari limetulia, na gharama yake ikaja kulipwa kila asubuhi Sakina.

Baba mdogo hakufurahia ugunduzi wangu. "Nirudishie oili yangu," akasema. "Gari lilikuwa kimya."

"Lilikuwa kimya baba, lakini lilikuwa haliingii gia."

"Lilikuwa linaingia Moshi."

Na ana hoja, sio kwamba hana. Mtu anayeendesha kila siku akisikia mlio kila siku anachoka, moyo haukai. Nilijaribu kumwelezea kwamba beringi ilikuwa mbovu hata wakati ule ikiwa kimya, akaniambia mbona mlio umeanza uliponunua kopo lako. Kwa mpangilio wa matukio yuko sahihi kabisa, na huwezi kumshinda mtu kwa kumwambia alichosikia sicho.

Kwa hiyo mafundi nao walikuwa na nusu yao. Gia boksi itashuka. Lakini kuna tofauti kubwa ya kushusha ukitafuta na kushusha ukijua, na hapo ndipo lile neno la spea za kuokoteza linapungua makali, maana gia zenyewe za Bedford ndizo adimu, beringi sio adimu. Beringi ina namba yake imechongwa pembeni na ina vipimo, ukiitoa unakwenda nayo kwenye duka la beringi wanakutafutia inayolingana, hawakuulizi ilikuwa kwenye gari la nani. Hatari ni kuichelewesha mpaka ivunjike, shafti icheze, ndiyo ianze kula meno ambayo huna pa kuyapata.

Nilirudi kwa yule wa Unga Limited na daftari langu. Nilidhani atanicheka. Alisoma, akauliza nani aliandika, akakaa chini ya gari muda mrefu na mpini wa bisibisi sikioni, ncha ameigusisha kwenye gamba la gia boksi, akisogea nayo mbele na nyuma. Akatoka akasema mbele, kwenye shafti ya kuingilia. Nikamlipa kwa kusikiliza, akashangaa kidogo, akazipokea.

Tumekubaliana tusubiri viazi vipungue. Mpaka hapo 90 inabaki, mzee kakubali kwa shingo upande, na dogo kapewa kazi ya kuangalia tope la sumaku kila oili ikichunguzwa. Orodha iko dukani ukutani: beringi ya shafti ya kuingilia, sili ya mbele, beringi ya flaiwili, rilizi, sahani ya klachi kama imebaki nyembamba, bushi za liva. Ringi za sinkronaiza hazimo, zitaangaliwa zikiwa mkononi.